Chimba Shimo la Kuoshea Bomba la Dawa

Ukimaliza kupuliza nyanya, chini ya bomba hubaki dawa kidogo, na maji utakayolisuuzia nayo yanageuka dawa. Wengi huyamwaga mferejini au kando ya kisima. Profenofosi, klorpirifosi, dimethoeti na dawa nyingine za kundi la oganofosfeti huua wadudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na ndivyo zinavyomdhuru samaki, nyuki na mtu pia.

Kwa bahati nzuri, udongo una viumbe wanaoweza kuzivunja. Mwaka 1973 watafiti waliokuwa Ufilipino walieleza habari za bakteria aliyetoka kwenye majaruba ya mpunga yaliyokuwa yakitiwa diazinoni. Bakteria huyo ana kimeng'enya kinachotumia maji kukata molekuli ya dawa pale ilipoungana na fosforasi. Dawa ikishakatwa hapo, haina tena nguvu ile ya kushambulia mishipa ya fahamu.

Kazi hiyo inahitaji makao yenye chakula, hewa na unyevu. Tangu mwaka 1993 wakulima wa Sweden wamekuwa wakiwaandalia viumbe hao shimo maalumu, nawe unaweza kulichimba kwa jembe na koleo.

1. Chagua mahali. Pawe mbali na kisima, mto na nyumba, tena pasipotuama maji ya mvua.

2. Chimba kina cha sentimita 60 hivi. Chini shindilia udongo wa mfinyanzi sentimita 10. Kama ardhi yako ni ya kichanga, tandika kwanza turubai la nailoni lisilotoboka.

3. Andaa mchanganyiko. Kwa kila ndoo mbili za majani makavu ya mpunga au mabua yaliyokatwakatwa, tia ndoo moja ya mboji iliyoiva na ndoo moja ya udongo wa juu. Udongo huo uchote kwenye shamba lako lililowahi kupuliziwa, maana bakteria wake wameshaizoea dawa. Mabua nayo hulisha kuvu, ambao pia husaidia kuvunja sumu. Changanya, acha mwezi mmoja, kisha jaza shimo.

4. Panda nyasi juu. Hunyonya maji ya ziada na kukupa taarifa: zikinyauka sehemu moja, jua hapo umemwaga dawa nyingi kupita kiasi.

5. Linda unyevu. Vaa glavu, chota konzi moja, kamua. Mchanganyiko ushikane bila kudondosha maji. Ukipukutika, nyunyizia maji; ukichuruzika, hewa imekosekana na kazi itazorota. Ezeka kibanda kuzuia mvua.

Kabla ya kufika shimoni, suuza bomba na chupa za dawa mara tatu ukiwa shambani, na maji hayo yapulize kwenye mazao yaleyale. Shimoni mwaga masalia machache na maji ya kuoshea bomba kwa nje, ukiyasambaza badala ya kuyarundika mahali pamoja.

Usimwage humo dawa isiyochanganywa na maji wala iliyopitwa na muda. Dawa za ukungu zenye shaba ziepushe kabisa: shaba haivunjiki, hujilimbikiza na kuwadhuru bakteria wenyewe. Zungushia uzio, watoto na kuku wasifike.

Mchanganyiko utadidimia kadiri mabua yanavyooza, kwa hiyo ongeza mpya kila msimu. Baada ya miaka kadhaa, utoe wote, uurundike mwaka mzima uendelee kuoza, ndipo uurudishe shambani, mbali na mboga.

Mtu akianza kutokwa mate na machozi, kutoka jasho jingi au kupumua kwa shida baada ya kupuliza, mkimbize hospitali pamoja na kibandiko cha dawa.

Wakulima watatu au wanne wanaopakana wanaweza kuchimba shimo moja la pamoja. Lichimbeni sasa, kabla msimu wa kupuliza haujaanza, ili maji ya bomba yasifike tena kwenye mto mnaounywa.