MLANGO WA GEREZA NA MLANGO WA KIJIJI

Somo la mwezi huu ni juu ya watu ambao wengi wetu hatupendi kuwanena, yaani wale waliofungwa kwa makosa yao, kisha wakafunguliwa. Twataka kutazama pamoja mambo yapunguzayo uhalifu katika nchi, na mambo yamrudishayo mtu gerezani mara ya pili na ya tatu.

Na tuanze na jambo lililotokea kwetu. Kijana mmoja alifungwa miezi minane kwa kuiba mabati. Huko gerezani alijifunza useremala. Alipotoka alitukuta twajenga nyumba ya shule, akaomba kazi ya kutengeneza milango. Wazee walikaa shaurini, nasi tulikuwa pamoja nao. Tulisema, "Mwizi hawekwi karibu na mbao." Tukampa nauli, naye akaenda kwao. Huko alikuta ndugu zake wamekwisha kuligawana shamba lake. Mwaka haukuisha, akafungwa tena. Siku ile tulisema, "Mwaona? Tulijua." Leo twajiuliza kama si sisi tuliomsukuma.

1. Si kila mkosaji afaaye kufungwa

Wengi hunena, "Dawa ya moto ni moto," wakidhani ya kuwa adhabu ikizidishwa, wizi hupungua. Adhabu yafaa, wala hatusemi iondolewe. Lakini yatupasa kuangalia matunda yake. Mtu aliyeiba kuku akifungwa miezi miwili, hupoteza kazi yake, shamba lake huota magugu, na watoto wake huishi kwa kukopa. Naye hulala pamoja na wezi wakuu, ambao humfundisha kazi yao. Atokapo ni maskini kuliko alivyoingia, na ujuzi aliouongeza ni wa wizi.

Nchi ya Zimbabwe iliyaona hayo. Magereza yake yalikuwa yamejaa kupita kiasi, na ilipochunguzwa ilionekana ya kuwa sehemu kubwa ya wafungwa wamefungwa miezi mitatu au pungufu. Basi mwaka 1992 sheria ilibadilishwa, ili mkosaji wa kosa dogo aweze kuhukumiwa kufanya kazi bila mshahara katika shule, au hospitali, au mahali pengine pa watu wote, huku akilala nyumbani kwake. Adhabu hii huitwa huduma kwa jamii. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1998, Uganda mwaka 2000, na Tanzania mwaka 2002.

Faida zake ni tatu. Kwanza, watu hupata kazi iliyofanyika. Pili, Serikali haina haja ya kumlisha na kumlinda mtu huyo. Tatu, mkosaji hakatwi na jamaa zake. Walakini adhabu hii si mchezo, maana asiyefika kazini aweza kurudishwa mbele ya hakimu. Kwa hiyo lazima awepo mtu mwaminifu wa kumsimamia na kuandika siku zake. Pasipo msimamizi, sheria hubaki katika karatasi tu.

2. Siku za kifungo ziwe siku za matayarisho

Wako wakosaji wengine ambao hawana budi kufungwa, kwa kuwa makosa yao ni makubwa na watu wahitaji kulindwa. Je, hao nao wafanyiwe nini?

Na tutazame Norwei, nchi ijulikanayo na wengi wa wasomaji wetu kwa ajili ya wamisionari waliotoka huko. Serikali yake hushika kanuni hii: adhabu ni kuondolewa uhuru. Mfungwa hubaki na haki zake nyingine, wala watumishi wa gereza hawana ruhusa ya kumwongezea mateso. Tena waalimu, waganga na watunza vitabu wafanyao kazi gerezani hutoka katika idara zile zile ziwahudumiazo raia wote. Hivyo mfungwa atokapo, wale atakaowahitaji huko nje si wageni kwake. Gereza la Halden, lililofunguliwa mwaka 2010, lina madarasa na karakana za ufundi. Katika kisiwa cha Bastøy wafungwa hulima na kufuga pasipo kuzungukwa na ukuta. Wengi wao walianza kifungo chao katika magereza makali zaidi, kisha wakaletwa huko.

3. Siku ya kufunguliwa

Mwaka 2008 Serikali hiyo ilipeleka taarifa Bungeni kwamba matayarisho ya kutoka yaanze mapema. Kila idara itimize sehemu yake, ili mtu afunguliwapo awe na mahali pa kulala, kazi au shule, matibabu, na shauri juu ya madeni yake. Hii si ahadi kwamba atapata vyote. Ni wajibu wa kuvitafuta kabla mlango haujafunguliwa.

Huenda msomaji akauliza, Je, yafaa? Uchunguzi wa nchi za Kaskazini uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha ya kuwa katika kila watu 100 waliotoka magerezani Norwei mwaka 2005, kama 20 walihukumiwa tena katika miaka miwili. Huko Marekani, katika majimbo 30, kwa kila watu 100 waliotoka mwaka ule ule, kama 68 walikamatwa tena katika miaka mitatu. Lakini tusipime kwa haraka. Kukamatwa si sawa na kuhukumiwa, wala miaka miwili si mitatu. Tena Norwei hufunga watu wengi kwa muda mfupi. Hata huko mambo hayajakamilika, maana mwaka 2019 mwangalizi wa Bunge alilalamika ya kuwa wafungwa wengi walikuwa wakifungiwa peke yao kwa saa nyingi mno. Hata hivyo twajifunza neno moja: waliotoka gerezani hawarudi wote, na yale wanayoyakuta nje yana nguvu katika jambo hilo.

4. Na yule aliyeibiwa?

Twajua wengine watasema, "Mwamhurumia mwizi, mwamsahau aliyeibiwa." Neno hili ni la haki. Aliyeibiwa asikilizwe kwanza, na mkosaji akiweza amlipe, hata kwa kazi ya mikono yake. Lakini na tufikiri: ni nani atakayeibiwa mtu huyu akirudi pasipo shamba, wala kazi, wala mtu wa kumpokea? Ni sisi, na ni jirani yetu. Kumpokea kwa utaratibu ni kuwalinda wengine pia.

Wala kumpokea si kumpa ufunguo wa sanduku la fedha siku ya kwanza. Apewe kazi yenye mipaka, na msimamizi wa kumwangalia, na muda wa kujaribiwa. Akiwa mwaminifu, aongezewe. Waalimu waendao gerezani wamwulize mfungwa mapema: Usiku wa kwanza utalala wapi? Shamba lako linashikwa na nani? Kisha wawaendee ndugu zake kabla siku haijafika. Nao wazee wa sharika waweza kuwaambia wakubwa wa Serikali kwamba wana kazi na msimamizi kwa wale waliohukumiwa huduma kwa jamii.

Serikali ndiyo ifunguayo mlango wa gereza. Mlango wa kijiji haina ufunguo wake. Ufunguo huo tunao sisi. Kijana yule tuliyemtaja yu karibu kumaliza kifungo chake cha pili, na baraza letu la wazee litaketi tena juu yake. Safari hii tumeomba liketi kabla hajatoka.

Maswali ya kujibiwa katika mafundisho:

1. Kwa nini kifungo kifupi chaweza kumzidishia mtu wizi?
2. Huduma kwa jamii yahitaji nini ili isibaki katika karatasi?
3. Katika kijiji chako, ni nani atokaye gerezani mwaka huu, na ni nani aliyekwisha kusema naye?