Betri inapochemka, tufungue dirisha



Huku Mbeya na Iringa baridi ya Juni inatufanya tufunge madirisha. Wenzetu wengine huchaji betri ya gari, ya kuwashia taa na redio, humo humo chumbani. Hiyo ni hatari.

Betri ikijaa, maji yake hutoa mapovu. Tunasema, "Inachemka." Lakini siyo kuchemka kama maji ya ugali! Ndani mna mabamba ya risasi katika maji yenye asidi. Umeme ukizidi, huyatenganisha maji yawe gesi mbili: haidrojeni na oksijeni. Ndiyo maana maji hupungua.

Mbona betri nyingine hukauka upesi? Risasi tupu ni laini, kwa hiyo viwandani huchanganywa na metali nyingine. Mchanganyiko huo huitwa aloi. Aloi ya risasi na antimoni ni ngumu, lakini hutoa haidrojeni nyingi. Aloi ya risasi na kalsiamu hutoa kidogo.

Haidrojeni haionekani wala hainuki. Ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Betri hupasuka, asidi huruka machoni.

Basi tufanye hivi:

1. Tuchajie mahali penye hewa.
2. Tusichungulie betri kwa kiberiti wala koroboi. Tutumie tochi.
3. Tukate umeme kwanza, ndipo tuondoe waya.
4. Tuongeze maji ya betri ya dukani, siyo ya kisima.
5. Asidi ikiingia jichoni, tuoshe mara moja kwa maji safi mengi, kisha twende zahanati.

Swali: Kwa nini maji ya betri hupungua?