Dondoo muhimu: Ndege wa Novemba, Mida na Sabaki

Kabla ya kushika darubini, uliza majira ya maji. Hori ya Mida, Watamu, fika maji yakianza kujaa. Yanapopanda huwasogeza ndege karibu. Yakishakupwa utaona vitone tu vya mbali.

Mtafute yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Hukimbia, husimama ghafla, kisha humdona kaa. Huzaliana pwani za Ghuba, kwenye mashimo ya mchangani. Amekuja kula; tafadhali usimrushe kwa ajili ya picha.

Jumapili alfajiri nenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ukatazame shakwe na, ukibahatika, heroe. Tope ni jingi. Beba kitambaa laini cha kufutia lenzi: chumvi huzikwaruza.