Pointi Umepata, Wodini Je?

Ikifika miezi ya kuhuisha leseni, simu za waratibu wa kozi fupi katika vyuo vya tiba hazitulii. Wapigaji wengi hawaulizi kozi inafundisha nini. Wanauliza ina pointi ngapi za mafunzo endelevu. Anayejibu hapa ni daktari anayeratibu kozi hizo chuoni. Maswali yametoka kwa madaktari wa hospitali za wilaya, za mikoa na za binafsi.

Shikamoo, Profesa. Digrii ninayo, utarajali nilimaliza, nimesajiliwa. Kwa nini kila mwaka nidaiwe ushahidi kwamba bado nasoma?

Marahaba. Tuchukue malaria peke yake. Aliyehitimu udaktari Muhimbili mwaka 1999 alifundishwa kutibu kwa klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania ikahamia dawa ya SP, na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto, ALu. Kwa malaria kali alifundishwa kwinini ya dripu. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliofuatilia watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo waliolazwa Korogwe na Muheza: artesunate ya sindano ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Huo ni ugonjwa mmoja tu, tena ule anaoukuta kliniki kila siku.

Hayo ni mambo ya kuongeza, na kuongeza ni rahisi. Kazi ipo kwenye kuacha. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST ulichapishwa, watoto 3,141 kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na dalili kwamba damu haisambai vizuri mwilini. Sisi sote tulifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo anafunguliwa dripu ya haraka. Waliofunguliwa dripu hiyo walikufa kwa kiwango cha asilimia 10.5 hivi ndani ya saa 48. Wasiofunguliwa, asilimia 7.3. (Watoto waliopungukiwa maji kwa kuhara hawakuwemo katika utafiti ule, kwa hiyo asije mtu akawanyima.) Makala ile waliisoma wengi. Lakini mkono uliozoea kufungua dripu usiku wa manane haufungwi na makala, wala na waraka wa wizara.

Mimi nina zaidi ya miaka 20 wodini. Uzoefu si mwalimu?

Ni mwalimu, ila ni mwalimu asiyesahihisha madaftari. Unaweza kurudia kosa lilelile miaka 20 na mgonjwa asirudi kukuambia. Mwaka 2005 Choudhry na wenzake wa Harvard walikusanya tathmini 62 zilizopima uhusiano wa miaka ya kazi na ubora wa huduma. Zaidi ya nusu zilionyesha ubora ukishuka, kwa kila kipimo kilichotumika, kadiri miaka ya daktari kazini inavyoongezeka. Niliyasoma hayo nikiwa na mvi tayari, na sikuyafurahia.

Tuliitwa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Tulifanya mazoezi kwa mdoli, tukapimwa, tukafaulu. Haitoshi?

Swali hili limejibiwa hapahapa nchini, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Laiti kila mratibu wa kozi angeijua habari hii kabla hajachapisha cheti cha kwanza.

Mafunzo hayo yanaitwa Helping Babies Breathe. Yalizinduliwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na washirika wake. Msingi wake ni dakika ya kwanza, wenyewe wanaiita dakika ya dhahabu: mtoto asiyelia akaushwe, asisimuliwe, na asipopumua apewe hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika hiyo haijaisha. Haydom wakawafundisha watu wao kwa siku moja. Baada ya miezi kadhaa watafiti wakarudi na mdoli. Ujuzi ulikuwa umepanda sana, na mtu angeishia hapo angeandika ripoti ya kupendeza. Wao wakaingia leba, wakaangalia jinsi watoto halisi wanavyohudumiwa. Hakuna kilichobadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na kwangu ni kati ya tafiti za kweli kabisa kuwahi kuandikwa kuhusu semina.

Sifa ya Haydom ni kwamba hawakuficha wala hawakukata tamaa. Mdoli akahamia kwenye wodi ya wazazi. Mazoezi yakawa mafupi, ya mara kwa mara, ndani ya zamu, yakisimamiwa na wafanyakazi wa palepale. Utafiti uliofuata, wa 2015, ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ulikuwa utafiti wa kabla na baada, bila hospitali ya kulinganisha, kwa hiyo tusiuvishe taji mapema. Lakini wazo lenyewe lilikua likawa mpango wa Safer Births, ulioendeshwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza kuanzia 2021 hadi 2023. Humo vifo vya watoto, yaani waliofia tumboni wakati wa uchungu na waliofariki ndani ya saa 24, vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.

Kwa hiyo siku moja inakufundisha namna ya kufanya. Kufanya kwenyewe, saa nane usiku, mama anavuja damu na umeme umekatika, kunahitaji mkono uliofanya jana na juzi.

Basi vyuo vifunge kumbi zao za mihadhara?

Visifunge, ila visiziamini mno. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009, yaliyojumlisha majaribio 81 ya mikutano na warsha za wahudumu wa afya, yalikuta kwamba ufuataji wa tiba inayotakiwa unapanda kwa asilimia 6 hivi. Si sifuri. Lakini mtu akikuahidi kwamba semina yake itageuza hospitali, mwulize sehemu kubwa iliyobaki anaifanyia nini.

Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Hospitali 8 za wilaya ziligawanywa kwa kura. Nne zikapata mafunzo ya siku tano na nusu ya huduma ya dharura kwa watoto, kisha zikatembelewa, zikapewa mrejesho wa takwimu zao zenyewe, na kila moja ikawa na mtu wake wa kusukuma kazi. Nne nyingine zikapata semina fupi ya mihadhara na ripoti za maandishi. Baada ya miezi 18, hospitali zilizofuatiliwa ziliwapima watoto kwa ukamilifu zaidi na zilikosea dozi mara chache zaidi. Hizo nyingine hazikuachwa patupu: nazo zilikuwa na semina na makaratasi, kama tunavyofanya wengi wetu.

Hapo ndipo chuo kikuu kina lake. Chuo kina walimu, kina maabara za mazoezi, kina wataalamu wa takwimu. Kinachokosekana ni bajeti ya gari la kurudi. Kozi zetu hulipiwa ukumbi, chai na posho. Safari ya mwalimu kwenda kumwona mwanafunzi wake wodini miezi mitatu baadaye haimo kwenye bajeti, na ikiwemo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Niko mkoani, pengine ni daktari pekee wa zamu. Nikiondoka wiki nzima hospitali inabaki na nani? Kozi za intaneti zina maana?

Zina maana zikikuunganisha na watu. Video ya kutazama huku umezima sauti ili upate cheti haina maana, na sote tunajua zinavyotazamwa.

Mfano mzuri uko New Mexico, jimbo lililokuwa la kwanza Marekani kulazimisha mafunzo endelevu kwa madaktari wanaohuisha leseni, mwaka 1971. Mwaka 2003 Dk. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico alichoka kuona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisubiri miezi na kusafiri mbali sana kumfuata Albuquerque. Akaanzisha kikao cha kila wiki kwa njia ya video: daktari wa kijijini anamweleza mgonjwa wake, wataalamu wanajadiliana naye, na wenzake wa vijiji vingine wanasikiliza na kuchangia. Mwaka 2011 alichapisha matokeo ya wagonjwa 407. Waliotibiwa kwenye kliniki ya chuo walipona asilimia 57.5, waliotibiwa na madaktari wa vijijini na magerezani, asilimia 58.2. Mpango huo, ECHO, umenakiliwa nchi nyingi.

Tazama kilichofanya kazi pale. Hakikuwa kamera. Daktari alileta mgonjwa wake mwenyewe, na wiki iliyofuata alitakiwa kusema mgonjwa huyo anaendeleaje.

Kampuni ya dawa imejitolea kulipia semina nzima ya hospitali yetu, hoteli nzuri, na chuo kitatoa cheti. Kuna ubaya?

Uliza nani amechagua mada na nani amemchagua mzungumzaji. Mwaka 2004 kampuni ya Warner-Lambert ilikiri makosa nchini Marekani na kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 430 kwa kuitangaza dawa ya kifafa ya Neurontin kwa matumizi ambayo haikuidhinishiwa. Moja ya njia zake ilikuwa mikutano iliyoitwa mafunzo huru ya kitabibu, huku kampuni ikiwa na mkono katika mada, wasemaji na hata waalikwa. Chuo kinachotoa cheti kinakodisha jina lake. Fedha za kampuni ziingie kwenye mfuko wa chuo, bila masharti, na jina la dawa lisitokee hata kwenye kalamu.

Na posho?

Nauli na malazi ni haki. Kozi ambayo bila posho hakuna atakayekuja haina anayeihitaji.

Baraza la madaktari linahesabu pointi. Mnatulaumu nini tukizihesabu?

Siwalaumu. Kenya daktari anatakiwa pointi 50 kwa mwaka. Kwetu pia leseni ya mwaka haitoki bila ushahidi wa mafunzo. Sharti ni la haki, kwa kuwa bila hilo wangesoma wale wale wanaosoma siku zote. Kosa liko kwenye kipimo. Kukaa ukumbini saa sita kunahesabika kirahisi. Kikao cha wodi cha kupitia kifo cha jana, kilichobadilisha namna mnavyopima shinikizo la damu la wajawazito, mara nyingi hakimpi mtu hata pointi moja kwa sababu hakuna aliyekiandikisha. Kiandikisheni. Mganga mfawidhi akae na chuo cha jirani, waombe kwa baraza kikao hicho kitambuliwe.

Nichague kozi gani mwaka huu?

Usichague unayoipenda. Mapitio ya Davis na wenzake ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba madaktari hatujui vizuri upungufu wetu wenyewe, na katika baadhi ya tafiti, waliokuwa dhaifu zaidi na waliojiamini zaidi ndio waliokosea zaidi kujipima. Tunachagua kozi za yale tunayoyaweza, maana yanafurahisha.

Fungua rejista ya leba na mafaili ya vifo ya miezi sita iliyopita, ukae na muuguzi mkuu wa wodi. Kile kilichowaua wagonjwa wenu zaidi ya mara moja, na kingeweza kuzuilika, ndiyo kozi yako. Kisha piga simu chuoni. Kabla hujauliza pointi, uliza kama unaweza kuja na mkunga wa zamu yako, na uliza ni nani atakayewatembelea baada ya miezi mitatu, na tarehe gani. Wakikosa jibu la swali la pili, jaribu chuo kingine.