Maendeleo ya Shule ya Kiungani

Kila mwisho wa mwaka mwalimu mkuu huandika hesabu ya shule yake: wavulana wangapi waliandikwa, wangapi walihudhuria, na wangapi walifaulu. Hesabu hiyo ni njema, nayo yatakiwa. Lakini je, yatosha kutuonyesha kama shule imeendelea? Na tuitazame shule moja ya wavulana katika mji wa Unguja, iliyoanza na watoto watano tu.

Mwaka 1864 Askofu William Tozer na Padre Edward Steere walifika Unguja, wametumwa na Misheni ya U.M.C.A. Zamani hizo nchi ilitawaliwa na Sultani Majid bin Said, na soko la watumwa lilikuwa wazi. Watu waliotekwa bara walitembezwa hata pwani, wakavushwa kwa majahazi, wakauzwa mjini kama mbuzi. Sultani akampa Askofu wavulana watano waliokuwa watumwa, nao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Fikirini hali yao: hawakuwa na baba, wala mama, wala mjomba wa kuwasemea katika mji ule.

Baadaye manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya watoto waliookolewa wakapewa misheni. Basi hesabu ya shule ikaongezeka. Je, hayo yalikuwa maendeleo? Kwa hesabu, ndiyo. Lakini kila jina jipya lililoandikwa daftarini lilikuwa habari ya nyumba iliyovunjwa, au ya mama aliyenyang'anywa mwanawe. Heri wanafunzi wa namna hiyo wangalikoma kuja kabisa! Kwa hiyo tusidhani kwamba shule yenye watoto wengi kupita mwaka jana ndiyo iliyoendelea kila mara. Yafaa kuuliza pia watoto hao wametoka wapi, na wanakwenda wapi.

Shule ikawekwa Kiungani, nje kidogo ya mji, karibu na bahari, ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Miaka ile haikuwa myepesi. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaendelea hata 1870, kikaua maelfu ya watu. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga kisiwa, ikang'oa mikarafuu na minazi. Walakini masomo hayakuachwa.

Wavulana walikuwa wa makabila mbalimbali, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, kila mmoja na lugha yake. Kiswahili kikawaunganisha. Padre Steere mwenyewe alijifunza Kiswahili kwa bidii, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo, na kitabu kingine cha hadithi alizozikusanya Unguja. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na vijana wakafundishwa kupanga herufi, kuchapa, na kufunga vitabu. Mtoto aliyehesabiwa jana kuwa mali, leo alikuwa akitengeneza kitabu kwa mikono yake.

Tena wavulana wakaandika habari zao wenyewe, jinsi walivyotekwa na jinsi walivyookolewa. Habari hizo zilitafsiriwa na A. C. Madan, zikatolewa kitabu London mwaka 1887, kwa jina la Kiungani. Mwaka uliofuata, 1888, likaanza gazeti la Msimulizi, lililopigwa chapa hapo chuoni. Ndani yake walimu waliotawanyika bara waliweza kupeana habari za kazi yao. Hapo twaona maendeleo yasiyoonekana katika daftari la mahudhurio: aliyefundishwa kusoma amekuwa mwenye kuwaandikia wengine.

Kisha mti ukazaa. John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury katika Uingereza kuongeza masomo, akarudi kufanya kazi Chitangali, katika nchi ya kusini karibu na mto Ruvuma. Mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuupata. Mwaka huohuo Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza.

Wakati huo shule yenyewe ilikuwa ikibadilika. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ya Unguja ikaacha kuutambua utumwa. Watoto waliookolewa majahazini wakapungua. Mahali pao wakaja wavulana waungwana kutoka bara, Bonde na Masasi, ili wajifunze ualimu na kurudi kwao. Wengine walikuwa wamefundishwa kwanza na watu waliotoka Kiungani. Katika miaka ya 1920 chuo kikahamishwa Minaki, karibu na Kisarawe, na kazi ya Kiungani ikaendelea huko.

Basi, wanafunzi, shule hupimwaje? Hesabu ya kila mwaka ni kama alama ya kimo tunayoitia ukutani kwa makaa: hutuonyesha kama mtoto amerefuka, lakini haituambii atakuwa mtu gani. Kiungani ilianza na watoto watano wasio na mtu wa kuwasemea. Iliendelea siku wale watoto walipoweza kusema wenyewe, na ikaendelea zaidi walipokwenda kuwafundisha wengine. Nawe unaposoma darasani mwako, usiulize tu, "Nimekuwa wa ngapi mwaka huu?" Uliza pia, "Nani atajua kusoma kwa sababu yangu?"

MASWALI

1. Wanafunzi watano wa kwanza walitoka wapi, na nani aliwatoa?
2. Kwa nini kuongezeka kwa wanafunzi wa Kiungani hakukuwa jambo la furaha tupu?
3. Eleza kazi tatu walizofundishwa vijana katika upigaji chapa.
4. John Swedi na Cecil Majaliwa walikuwa nani?
5. Andika insha fupi: Alama za maendeleo katika shule yetu, zisizoonekana katika daftari.