Kijana Akija na Wazo: Tumpe Mkopo, Zawadi au Hisa?

Somo la leo limetokana na mkutano tuliohudhuria huku Matinyani. Tulikuwa tumeitwa kukagua vitabu vya kikundi kimoja cha akina mama, kazi ya saa moja tu, lakini tulikaa chini ya ule mwembe mpaka jua likaanza kushuka. Sababu ni hii: kabla ya mkutano kufungwa, kijana wa hapo hapo kijijini aliomba nafasi ya kuongea. Alikuwa amebeba sanduku la mbao lenye kioo upande mmoja. Ilikuwa mashine ya kuangulia vifaranga ya kutumia umeme wa jua. Aliiunda mwenyewe, maana alisomea ufundi. Alisema ameshaunda mbili na kuziuza kwa shilingi 11,000 kila moja. Akipata shilingi 60,000 atanunua vifaa vya mashine kumi kwa bei ya jumla.

Akina mama walikuwa na shilingi 240,000 benki. Mweka hazina akasema, "Tumpe mkopo kama mtu mwingine yeyote, riba asilimia kumi kwa mwezi." Mama mwingine akasema, "Huyu ni mwana wetu, tumsaidie tu bila maneno mengi." Halafu mama mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akauliza, "Na zikipotea?"

Hakuna aliyejibu. Wote wakatugeukia sisi, nasi tukaomba tupewe mpaka mkutano ujao. Haya ndiyo majibu yetu, na tunayaandika hapa kwa sababu vikundi vingine pia vimeanza kupata wageni kama huyo.

Kwanza tukubali kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulishauri kikundi kingine kimkopeshe kijana aliyekuwa na wazo zuri sana la kukausha maembe. Biashara haikushika haraka, riba ikazidi kupanda, na kijana akaona aibu akaondoka kwenda Mombasa. Mama yake alikuwa mwanachama. Naye akaacha kuja mikutanoni. Kikundi kilipoteza pesa, kikampoteza kijana, na kikapoteza mwanachama wa miaka kumi na miwili. Kijana hakuwa mwizi. Sisi tulimpa pesa ya namna isiyofaa kazi yake.

Hebu tupige hesabu ya huyu wa vifaranga. Shilingi 60,000 kwa riba ya asilimia kumi ni shilingi 6,000 kila mwezi. Tuseme amechukua miezi mitatu kununua vifaa, kuunda na kutafuta wanunuzi. Kabla hajauza hata moja anadaiwa riba ya shilingi 18,000. Vifaa vya mashine moja ni shilingi 6,000, kwa hiyo faida ni shilingi 5,000. Basi faida ya karibu mashine nne imeshaliwa kabla ya kuanza. Mkopo unamfaa mama anayenunua ndengu leo na kuziuza sokoni Kabati wiki ijayo. Haumfai mtu anayejaribu kitu ambacho hapa kijijini hakijajaribiwa.

Sasa, ziko nchi ambako watu wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Wanaotoa pesa zao wenyewe kwa biashara changa huitwa malaika. Msishangae, jina hilo halikutoka kanisani. Lilitoka New York, ambako matajiri waliogharamia michezo ya kuigiza kabla haijaonyeshwa waliitwa hivyo na waigizaji. Baadaye likahamia kwa watu wa kompyuta. Wengi wa malaika hawa ni wakurugenzi au waanzilishi wa kampuni za teknolojia, watu ambao wenyewe walianza na wazo tupu.

Mfano unaosimuliwa mara nyingi ni wa Andy Bechtolsheim, mmoja wa walioanzisha kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1982. Mwezi wa Agosti 1998, huko California, wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, walimwonyesha programu yao ya kutafuta habari kwenye intaneti. Walikutana barazani kwa mwalimu mmoja wa chuo. Bechtolsheim alitazama, akauliza maswali machache, akaandika hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google. Kampuni yenyewe ilikuwa haijaandikishwa, kwa hiyo hundi ilikaa bila kupelekwa benki mpaka wakaiandikisha.

Mtu akisikia hadithi hiyo anaweza kudhani kazi ya malaika ni kuwa na bahati. Sivyo. Bechtolsheim alikuwa ameijua kazi ya kompyuta kwa miaka mingi, kwa hiyo alielewa anachoonyeshwa. Programu ilikuwa tayari inafanya kazi mbele ya macho yake. Na kama dola zile zingepotea, asingelala njaa. Hili la mwisho ndilo tunaomba mlitie mstari. Malaika hatoi pesa ya chakula wala ya karo. Anatoa ile ambayo ameshaiaga moyoni.

Jambo lingine: malaika humtazama mtu kuliko mpango wake, kwa sababu mpango utabadilika. Hapa Kenya tunao ushahidi mkubwa, na uko mfukoni mwa karibu kila mmoja wenu. M-Pesa ilianza kama wazo la Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza. Serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku ya karibu pauni milioni moja, kwa sharti kwamba Vodafone nayo itoe sehemu yake. (Sharti hilo ni zuri. Mwulizeni kijana yeyote: na wewe unaweka nini?) Majaribio ya mwaka 2005 yalifanywa na wateja wa Faulu Kenya, na lengo lilikuwa watu wa vikundi walipe mikopo yao kwa simu. Lakini watu walipoizoea, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliosimamia majaribio walikubali kuongozwa na wateja, na mwezi wa Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Kama mtoa pesa angeshikilia kwamba "tulikubaliana ni mikopo, basi iwe mikopo," leo tungekuwa bado tunampa dereva wa basi bahasha.

Huyo Hughes mwaka 2011 alianzisha M-KOPA pamoja na Jesse Moore na Chad Larson, ile ya taa za sola zinazolipwa kidogo kidogo kila siku. Mwaka 2015 mmoja wa walioweka pesa zao humo alikuwa Steve Case, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa AOL ya Marekani. Angalieni mzunguko ulivyo: aliyefanikiwa kwa teknolojia anarudi kumwinua anayeanza.

Haya, hisa ni nini hasa? Ni kununua sehemu ya biashara. Biashara ikikua, sehemu yako inakua. Ikifa, hudai mtu. Tuseme kazi ya kijana wetu tumeigawa hisa 100. Vikundi vitatu vinaleta shilingi 20,000 kila kimoja, vinapata hisa 30, yaani 10 kwa kila kikundi. Hisa moja ni shilingi 2,000, kwa hiyo tumesema biashara nzima ina thamani ya shilingi 200,000. Mtauliza, sanduku la mbao litakuwaje laki mbili? Swali la haki. Mnalipia yale yanayokuja, siyo sanduku. Tena mkichukua hisa 60 badala ya 30 mtakuwa mmemfanya kijana kibarua katika kazi aliyoivumbua mwenyewe, na kibarua mwenye akili haketi.

Baadaye mfanyabiashara wa Kitui mjini akitaka kuingia, zinaongezwa hisa mpya, tuseme 25. Sasa jumla ni 125, na zenu 10 ni asilimia nane, siyo kumi tena. Msianze kulia kwamba mmeibiwa. Kama yeye amenunua kwa shilingi 4,000 kila hisa, zenu sasa zinahesabiwa shilingi 40,000. Lakini hiyo ni thamani ya kwenye karatasi. Pesa haziko mkononi mpaka mtu anunue hisa zenu, na hapa ndipo tunapotofautiana na wale wa California. Google iliuza hisa zake sokoni mwaka 2004, na wale waliotangulia wakapata mlango wa kutokea. Nani atakuja Matinyani kununua hisa kumi za mashine za vifaranga? Tukisema kweli, huenda asije mtu yeyote.

Kwa hiyo tunapendekeza njia nyepesi zaidi, yenye roho ile ile. Kwa kila mashine anayouza, kijana atoe shilingi 1,500 kwa vikundi vyote vitatu, yaani shilingi 500 kwa kila kikundi, mpaka vipate mara mbili ya walichotoa. Walitoa 60,000, watapokea 120,000, basi atakuwa amemaliza akishauza mashine 80. Bado anabaki na shilingi 3,500 kwa kila moja. Mwezi ambao hakuuza, hatoi kitu, wala riba haipandi usiku tukilala. Asipouza kabisa, deni hakuna, na mama yake ataendelea kuja mkutanoni. Muiandike karatasini, shahidi awe mtu asiye wa ukoo, na afisa wa maendeleo ya jamii aisome kabla ya kutiwa sahihi.

Sasa turudi kwa yule mama wa nyuma. Na zikipotea? Jibu la malaika ni kwamba nyingi hupotea. Wakubwa wa teknolojia huweka kidogo kidogo kwa biashara kumi, ishirini au zaidi, wakijua kwamba huenda moja tu italipia zote. Hata biashara kubwa huanguka. Kampuni ya Copia, iliyokuwa ikiwauzia watu wa vijijini bidhaa kupitia maduka ya mawakala, ilipata kutoka kwa wawekezaji zaidi ya dola milioni 100, na bado mwezi wa Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi. Waliotoa pesa hizo walikuwa wasomi wenye makaratasi na makompyuta.

Basi kikundi kinachochukua akiba yote na kumpa kijana mmoja kinacheza kamari, hata kama kijana huyo ni mwaminifu kama nini. Lakini kikundi kimoja hakiwezi kuwasaidia vijana kumi. Tufanyeje? Hapa Ukambani tuna jibu la zamani kuliko California: mwethya. Leo mnachimba fanya-juu kwa shamba la huyu, kesho kwa la yule, hamjui mvua itabarikia tuta gani. Vikundi vitano vya kata hii vikitoa shilingi 20,000 kila kimoja vina laki moja, na wanaweza kuwagawia vijana watano kidogo kidogo. Malaika nao hufanya hivyo. Tangu mwaka 1994 kuna chama huko California kinachoitwa Band of Angels, wengi wao wakiwa watu wa kampuni za teknolojia. Hukutana kwa chakula, wakawasikiliza wenye mawazo, halafu kila mmoja akaamua juu ya pesa yake mwenyewe. Ni mkutano wenu wa chini ya mwembe, ila wana viti vizuri zaidi.

Kwa kikundi chetu cha akina mama, ushauri ni huu. Zile 240,000 msiziguse. Humo mna akiba ya wanachama, na Januari iko karibu na karo yake. Ila kuna faida ya riba ya mwaka huu, shilingi 24,000 kwa hesabu tuliyoiona. Humo ndimo mtoe 20,000, wote mkiwa mmekubali kwa sauti kwamba huenda zisirudi. Hata moja akikataa, msikilizeni mpaka amalize. Mtafute vikundi viwili vya kushirikiana navyo. Tena pesa zisitolewe zote siku moja: kwanza vifaa vya mashine nne, yaani shilingi 24,000, zikiuzwa ndipo zilizobaki zitolewe. Na kabla ya yote, mtembelee wale wawili walionunua mashine za kwanza. Muwaulize katika mayai hamsini wamepata vifaranga wangapi, na betri ilishika usiku kucha au iliwaacha gizani.

Malaika mzuri hutoa pia ujuzi na watu anaowajua. Huenda hilo ndilo kubwa mlilo nalo. Kijana anajua waya na joto la mayai. Ninyi mnajua kila boma lenye kuku wa kienyeji kutoka hapa mpaka Mutonguni, na nani hulipa na nani huahidi tu. Anahitaji pia mtu wa kumfundisha kutenganisha pesa ya biashara na ya mfukoni. Mweka hazina wenu anaweza kazi hiyo. Siku ile alikuwa mkali kwa kijana, na tunaamini ukali huo utamfaa.

Kijana atarudi mkutano ujao, Jumatano. Kabla hajafika, mjadili haya katika makundi madogo, watu watano watano, akina mama wasiopenda kuongea waanze. Pesa gani ya kikundi tunaweza kuiaga bila mtu kulala njaa? Kijana mwenyewe ameweka nini, pesa au jasho? Mashine zisipouzwa na akaja na wazo la pili, tutamsikiliza au tutamfukuza? Na kama angekuwa binti, je, tungemwuliza maswali haya haya? Katibu aandike majibu, atuletee pamoja na vitabu.