SOMO: KUONGEZA KASI YA MTANDAO WA WAYA NYUMBANI

Mtandao wa waya unaounganisha kompyuta za nyumbani huitwa Etheneti. Wengi wakitaka kasi zaidi hukimbilia kung'oa waya wote ukutani. Ngojeni kwanza.

1. Fahamu kebo yako. Ndani yake mna nyuzi nane, yaani jozi nne. Etheneti ya megabiti 100 kwa sekunde, ya mwaka 1995, hutumia jozi mbili tu. Ile ya megabiti 1,000, ya mwaka 1999, huhitaji zote nne.

2. Soma maandishi ya ganda. Ikiwa ni "Cat 5e", utaratibu uliotolewa mwaka 2016 hupitisha megabiti 2,500 katika kebo hiyo hiyo, hadi mita 100. Badili tu vifaa vya ncha zote mbili, swichi na kadi ya mtandao ya kompyuta. Kimoja kikibaki cha zamani, kasi nayo hubaki ya zamani.

3. Kagua vichwa vya kebo. Mimi nilinunua swichi ya megabiti 1,000 kwa akiba ya pensheni, kasi ikabaki 100. Nilikuwa tayari kumgombeza mwenye duka. Kumbe uzi mmoja ulikatika kichwani, vifaa vikapatana kwa kasi ndogo. Kichwa kipya kikamaliza kazi.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

MASWALI
(a) Kebo yako imeandikwa nini?
(b) Je, nyuzi zote nane zimeshika?
(c) Intaneti unayolipia ni ya kasi gani? Ikiwa haifiki megabiti 100, swichi mpya haitaiongeza.